Majalada, Forodha na Nyumba za Kinindo: Historia ya Mifumo ya Taarifa katika Ukusanyaji wa Mapato nchini Burundi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi ukusanyaji wa mapato nchini Burundi ulivyotegemea, tangu enzi za ukoloni hadi leo, namna ya kuandika, kuhifadhi na kulinganisha taarifa. Yanafuatilia orodha za watu na ng'ombe za utawala wa Kibelgiji, majalada ya idara za kodi na forodha baada ya uhuru, kuundwa kwa Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR) mwaka 2009 pamoja na kuenea kwa mfumo wa Sydonia, na hatimaye ankara za kielektroniki. Mtaa wa Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, unatumiwa kuonyesha mahali ambapo uwezo wa mifumo hiyo unakoma. Hoja kuu ni kwamba kompyuta zilileta mafanikio ya haraka pale ambapo mali hupita mlangoni, yaani forodhani, ilhali mafanikio ya namna hiyo hayajaonekana pale ambapo taarifa za mali moja zimegawanyika katika ofisi nyingi.

Utangulizi

Mwaka 1965 Robert Anthony, mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipendekeza kuigawa kazi ya uongozi wa shirika katika ngazi tatu: kupanga mwelekeo, kusimamia matumizi ya rasilimali, na kuendesha shughuli za kila siku. Mgawanyo huo ulichukuliwa na waandishi wengi wa fani ya mifumo ya taarifa, na hadi leo wanafunzi wa biashara katika vyuo vya Afrika Mashariki hufundishwa kwamba mfumo mzuri ni ule unaochukua taarifa za ngazi ya chini, zile za mauzo, malipo na mizigo, na kuzipandisha hadi kwa viongozi zikiwa zimechujwa na kujumlishwa.

Mgawanyo huu ni mzuri kwenye ubao wa darasa. Unachukulia, hata hivyo, kwamba taarifa za ngazi ya chini zipo na kwamba zinaaminika. Katika nchi nyingi za eneo hili kazi kubwa ya karne nzima imekuwa hiyo hasa: kuzifanya ziwepo. Burundi ni mfano ulio wazi, kwa sababu mabadiliko yake yalitokea kwa kasi na katika muda mfupi unaoweza kufuatiliwa.

Kinindo ni mtaa wa makazi ulio kusini mwa kitovu cha Bujumbura, upande wa Ziwa Tanganyika. Una nyumba za watu wenye kipato cha kati na cha juu, na kwa miaka mingi nyumba nyingi za mtaa huo zimepangishwa kwa mashirika yasiyo ya kiserikali na kwa watumishi wa mashirika ya kimataifa. Hauna bandari, hauna soko kuu, hauna kiwanda kikubwa. Ndiyo sababu unafaa kwa uchunguzi huu. Historia ya mifumo ya taarifa huandikwa mara nyingi kutokea bandarini na benki, yaani pale mfumo unapofanya kazi vizuri zaidi. Barabara za Kinindo zinaonyesha upande wa pili.

Orodha zilizopanda bila kushuka

Utawala wa Wajerumani, ulioweka kituo chake Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, uliondoka mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yalipoingia. Kwa sheria ya 21 Agosti 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, na Usumbura ikawa makao ya utawala wa eneo lote. Msingi wa mapato ya ndani ulikuwa kodi ya kichwa pamoja na kodi ya ng'ombe. Kodi ya namna hiyo haihitaji kujua mtu anapata kiasi gani. Inahitaji kujua yupo, ana umri gani, na kama ana nguvu za kufanya kazi. Kwa hiyo daftari kuu la utawala lilikuwa orodha ya wanaume wazima wenye uwezo wa kufanya kazi, iliyotayarishwa kwa kila himaya ya chifu na kila eneo la chifu mdogo.

Orodha hiyo ilikuwa mfumo wa taarifa kwa maana kamili ya neno. Ilikuwa na chanzo, njia ya kupanda, mahali pa kujumlishwa na matumizi yaliyojulikana. Aidha ilikuwa na kasoro ambayo wataalamu wa leo wangeitambua mara moja: aliyeiandaa alikuwa na maslahi ndani yake. Machifu na machifu wadogo walipata sehemu ya kodi waliyoikusanya, na papo hapo walilazimika kutoa watu wa kazi za lazima kulingana na hesabu ile ile. Kuongeza majina kuliongeza mapato na kuliongeza mzigo, kuyapunguza kulileta kinyume chake. Hesabu iliyofika Usumbura ilikuwa matokeo ya mivutano hiyo kabla haijawa hesabu ya watu.

Jambo la pili ni kwamba taarifa zilipanda tu. Mkulima aliyeandikwa hakupata kitu chochote kilichomwezesha kulinganisha alicholipa na kilichoandikwa mjini, isipokuwa stakabadhi aliyoitunza ili asilipishwe mara mbili. Katika historia ya kodi ya Afrika Mashariki yote, kutunza stakabadhi kumekuwa mfumo wa taarifa wa mwananchi: hifadhidata ya karatasi moja, iliyokunjwa na kufichwa ndani ya nyumba.

Uhuru wa 1 Julai 1962 ulifuatwa na kazi ya haraka ya kutunga sheria. Sheria ya kodi za mapato ilitolewa tarehe 21 Septemba 1963, na sheria ya kodi za mali, ikiwa ni pamoja na kodi ya ardhi na majengo, tarehe 17 Februari 1964. Mwaka huo wa 1964 Burundi ilipata benki yake kuu baada ya benki ya pamoja na Rwanda kuvunjwa. Sheria ya 1963 ilitaja wazi mapato yatokanayo na kupangisha nyumba. Ilidumu, pamoja na marekebisho yake, hadi sheria mpya ya kodi za mapato ya 24 Januari 2013, yaani kwa nusu karne kasoro miezi michache. Si sheria nyingi za kodi katika eneo hili zilizoishi muda mrefu kiasi hicho, na ni vigumu kusema kwamba kilichokosekana Burundi kilikuwa sheria.

Idara mbili, masijala mbili

Hadi mwaka 2009 kodi za ndani na forodha zilisimamiwa na idara tofauti za Wizara ya Fedha. Kila idara ilikuwa na masijala yake, utaratibu wake wa kuweka majalada na watumishi wake. Mfanyabiashara aliyeagiza vitenge kupitia Dar es Salaam na kuviuza Bujumbura alikuwa watu wawili mbele ya serikali moja: mwagizaji katika majalada ya forodha, na mlipakodi (au asiyekuwa mlipakodi) katika majalada ya kodi za ndani. Kiasi alichoagiza kingeweza kueleza kiasi alichouza. Lakini ili kulinganisha viwili hivyo ilibidi karani wa idara moja aende idara nyingine, aruhusiwe kufungua jalada, na alipate. Katika hali ya kawaida hilo lilifanyika tu pale mtu fulani alipokuwa ameshashukiwa kwa sababu nyingine.

Vita vilivyoanza Oktoba 1993 viliharibu hata kile kilichokuwepo. Nchi jirani ziliweka vikwazo vya kiuchumi baada ya mapinduzi ya Julai 1996, vikaondolewa Januari 1999. Katika kipindi hicho biashara ya mpakani haikukoma, ilibadilisha njia na kuacha kuandikwa. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini 28 Agosti 2000, na serikali iliyotokana na uchaguzi ikaingia madarakani mwaka 2005. Katikati ya muongo huo Wizara ya Fedha ilianza kutumia SIGEFI, mfumo wa kompyuta wa kufuatilia utekelezaji wa bajeti. Ni vyema kutambua mpangilio huo wa mambo: serikali ilipata kompyuta za kufuatilia matumizi yake kabla haijarekebisha namna ya kujua mapato yake. Wahisani, ambao wakati huo walibeba sehemu kubwa ya bajeti, walikuwa na haja ya kuona fedha zilikokwenda. Haja ya kujua zilikotoka ilikuja baadaye.

Julai 2009

Mambo matatu yalitokea katika mwezi mmoja. Tarehe 1 Julai 2009 kodi ya ongezeko la thamani ilianza kutozwa kwa kiwango cha asilimia 18 badala ya kodi ya zamani ya miamala. Mwezi huo huo Burundi, iliyokuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, iliingia katika Umoja wa Forodha na kuanza kutumia viwango vya pamoja vya ushuru vya asilimia 0, 10 na 25. Na tarehe 14 Julai ilitolewa sheria ya kuunda OBR.

Kila moja kati ya hatua hizo ilikuwa dai la taarifa mpya. Kodi ya zamani ya miamala ilitozwa juu ya thamani ya muamala, na ofisa aliyeona muamala mmoja alikuwa na vyote alivyohitaji. Kodi ya ongezeko la thamani inaishi katika mnyororo: anayeuza hutoza, anayenunua hudai kurejeshewa, na ankara moja inapaswa kuonekana katika matamko mawili yenye tarakimu zile zile. Nguvu yake yote imo katika uwezekano wa kulinganisha. Umoja wa Forodha nao ulidai kwamba bidhaa ipewe namba ile ile ya uainishaji Mombasa, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura. Hapa lugha ilikuwa na nafasi ambayo haijachunguzwa vya kutosha. Namba za uainishaji wa bidhaa hazihitaji mkalimani, lakini maelezo yanayoandikwa kando ya namba yanahitaji. Hati iliyoandikwa Kiingereza bandarini Dar es Salaam ilisomwa Bujumbura na ofisa aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa, baada ya kupita mikononi mwa mawakala na madereva waliokubaliana juu ya yaliyomo kwa Kiswahili.

OBR ilianza kazi mwaka 2010 chini ya Kamishna Mkuu wa kwanza, Kieran Holmes, raia wa kigeni, kwa msaada mkubwa wa TradeMark East Africa. Burundi ilikuwa imechelewa ikilinganishwa na jirani zake: Uganda iliunda mamlaka ya namna hiyo mwaka 1991, Kenya 1995, Tanzania 1996. Watumishi wa idara za zamani hawakuhamishwa moja kwa moja, walitakiwa kuomba kazi upya na kupimwa. Malipo yalihamishiwa benki, hivyo ofisa aliyekadiria kodi hakuwa tena mtu wa kupokea fedha. Mlipakodi akapewa namba moja ya utambulisho, NIF, ya kutumiwa katika forodha na katika kodi za ndani.

Namba hiyo ilikuwa na uzito kuliko mashine yoyote iliyonunuliwa. Mwagizaji na mlipakodi, waliokuwa watu wawili katika masijala mbili, wakawa mtu mmoja. Machi 2012 kituo kimoja cha kusajili kampuni kilifunguliwa katika Wakala wa Kukuza Uwekezaji, na mfanyabiashara akaweza kukamilisha usajili wa kampuni na kupata NIF yake mahali pamoja. Ripoti ya Benki ya Dunia ya Doing Business ya 2013 iliitaja Burundi miongoni mwa nchi kumi zilizofanya mageuzi mengi zaidi. Ripoti hiyo yenyewe ilisitishwa mwaka 2021 baada ya kugunduliwa kasoro katika takwimu zake za baadhi ya nchi, jambo linalostahili kukumbukwa na kila mshauri wa sera anayependa orodha za ushindani: hata wanaopima mifumo ya taarifa ya wengine wana mfumo wao wa taarifa, nao una mianya.

Katika forodha, mfumo uliotumika ni Sydonia, ule unaoitwa ASYCUDA katika nchi zinazotumia Kiingereza. Ulitengenezwa na UNCTAD mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ombi la jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ambazo hazikuhitaji kwanza mfumo wa kukusanya kodi. Zilihitaji takwimu za biashara. Forodha ikawa chanzo kizuri cha takwimu kwa kuwa kila tamko lilikuwa limeshaandikwa. Burundi ilihama kutoka toleo la zamani, Sydonia++, kwenda toleo la Sydonia World mwanzoni mwa muongo wa 2010.

Utendaji wake unafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiko nguvu ya mageuzi ilikokuwa. Wakala wa forodha huingiza tamko mwenyewe: namba ya bidhaa, nchi ilikotoka, thamani, uzito, NIF ya mwagizaji. Mfumo hukokotoa ushuru, na ofisa hawezi kuupunguza kwa mazungumzo. Kisha tamko hupangiwa rangi kulingana na vigezo vya hatari. Kijani huruhusu mzigo kupita, njano hudai hati zikaguliwe, nyekundu hudai mzigo ufunguliwe, na buluu huruhusu mzigo kupita lakini ukaguzi ufanyike baadaye katika vitabu vya mwagizaji. Kwa utaratibu huu, uamuzi wa nani akaguliwe, ambao ndio uliokuwa na bei katika forodha ya zamani, ulitolewa mikononi mwa mtu aliyesimama mbele ya lori. Haukuondolewa kabisa; ulihamia kwa wale wanaoweka vigezo. Hao ni wachache na wako mbali na lori, na kila wanachobadilisha huacha alama katika mfumo.

Mapato yaliyokusanywa yalipanda kutoka karibu faranga bilioni 300 mwaka 2009 hadi zaidi ya bilioni 500 mwaka 2012. Takwimu hii hutajwa mara nyingi, nayo inahitaji tahadhari. Bei zilipanda sana katika miaka hiyo, hasa 2012, hivyo ongezeko halisi lilikuwa dogo kuliko linavyoonekana. Tena si rahisi kutenganisha mchango wa kompyuta na mchango wa watumishi wapya, mishahara bora, malipo ya benki na usimamizi wa karibu. Mtindo wa ripoti za wahisani wa kuupa mfumo sifa zote haukubaliani na mpangilio wa matukio: sehemu ya ongezeko ilionekana kabla Sydonia World haijaenea.

Duka, moto na ankara

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Wafanyabiashara wengi walipoteza bidhaa pamoja na fedha taslimu walizokuwa wakiziacha vibandani. Kwa historia ya mifumo ya taarifa, moto huo ulidhihirisha jambo ambalo takwimu za forodha hazikuonyesha. Mzigo ulijulikana hadi ulipotoka bandarini au ulipovuka mpaka wa Kobero. Baada ya hapo ulitoweka machoni mwa kila mfumo. Kumbukumbu za nani anadaiwa nini, nani alichukua robota ngapi kwa mkopo na atalipa lini, zilikuwa katika madaftari na katika vichwa vya watu. Daftari lililobaki kibandani liliteketea pamoja na bidhaa. Mwenye mkopo wa benki alibaki na deni lililoandikwa vizuri katika kompyuta za benki, huku madai yake kwa wateja wake hayakuandikwa popote palipo salama. Pengo kati ya kumbukumbu hizo mbili ndilo lililowafilisi wengine.

Hapa panahitajika maelezo kuhusu daftari, kwa kuwa washauri wa sera hulitaja kama dalili ya kurudi nyuma. Mfanyabiashara wa Buyenzi au wa soko kuu hakukosa mfumo wa taarifa. Alikuwa nao, tena uliofaa shughuli yake: ulieleweka naye peke yake, haukuhitaji umeme, na haukuweza kusomwa na ofisa wa kodi. Sifa hii ya tatu haikuwa ajali. Kumwambia aache daftari aingie katika kompyuta ni kumwambia abadilishe chombo cha siri kwa chombo cha wazi, na swali lake la kwanza ni atapata nini badala yake.

Serikali za eneo hili zimejibu swali hilo kwa njia moja, yaani kuweka kifaa cha ankara kati ya muuzaji na mnunuzi. Kenya ilianza na mashine za kodi mwaka 2005, Tanzania ikaanzisha mashine za EFD mwaka 2010, Rwanda 2013, na Uganda ikafuata na EFRIS mwaka 2021. OBR nayo imeanzisha mfumo wa ankara za kielektroniki, eBMS, ambamo programu ya muuzaji hutuma kila ankara kwenye seva za ofisi hiyo. Kwa mfumo huo mnyororo wa kodi ya ongezeko la thamani, uliowekwa kisheria mwaka 2009, unapata nyenzo yake ya kulinganisha zaidi ya muongo mmoja baadaye.

Kati ya miaka hiyo miwili mambo mengi ilibidi yawepo kwanza. Nyaya za baharini SEACOM na EASSy zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010. Mkongo wa ndani wa Burundi, chini ya kampuni ya Burundi Backbone System na kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, uliifikisha mikoani huduma ambayo awali ilitegemea setilaiti. Umeme ulibaki tatizo. Mitambo mikubwa ya ndani, Mugere na Rwegura, ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa mahitaji ya wakati huo, na kwa miongo mitatu iliyofuata ongezeko la uwezo lilikuwa dogo. Ofisi iliyohamia katika mfumo wa seva ilipaswa kununua jenereta, na jenereta ilihitaji mafuta, bidhaa ambayo upungufu wake Bujumbura umekuwa wa kujirudia.

Nyumba isiyopita mlangoni

Kinachounganisha Sydonia na eBMS ni kwamba vyote viwili hungoja tukio. Mzigo unafika, ankara inatolewa, na taarifa inazaliwa. Nyumba ya Kinindo haifiki popote. Imesimama pale pale kwa miaka, na kodi ya pango lake hulipwa kimya kimya kati ya watu wawili.

Kwa miaka mingi kodi ya mapato ya pango na kodi ya majengo katika Bujumbura zilikuwa chanzo cha mapato ya jiji, na baadaye kazi ya kuzikusanya iliingia mikononi mwa OBR. Ili kuitoza nyumba moja kwa haki, mkusanyaji anahitaji kujua mambo manne: ni ya nani, ina ukubwa gani, inakaliwa na nani, na kwa bei gani. Kila moja ya taarifa hizo ipo, tena imeandikwa rasmi. Hati ya umiliki iko kwa msajili wa hati za ardhi, chini ya wizara ya sheria, nayo hutambuliwa kwa juzuu na folio kama ilivyorithiwa kutoka kwa Wabelgiji. Vipimo vya kiwanja viko katika idara ya upimaji, chini ya wizara nyingine, navyo hutambuliwa kwa namba ya kiwanja. Anayekaa ndani anajulikana na Regideso, shirika linalouza maji na umeme, kwa namba ya mita. Mwenye nyumba anajulikana na OBR kwa NIF, ikiwa anayo. Bei imo katika mkataba, na nakala zake ziko kwa pande mbili zilizotia saini.

Kanuni ya Ardhi ya 9 Agosti 2011, iliyochukua nafasi ya ile ya 1986, ililenga zaidi migogoro ya vijijini na kurejea kwa wakimbizi, na si ajabu, kwa kuwa huko ndiko damu ilikomwagika. Ofisi za ardhi za tarafa zilipewa uwezo wa kutoa vyeti. Lakini juzuu na folio za mjini zilibaki na namba zao, na hakuna kitu katika namba hizo kinachomwelekeza msomaji kwenye mita au kwenye NIF. Anayetaka kuunganisha lazima aunganishe kwa jina la mwenyewe, na jina ni kiungo dhaifu: huandikwa kwa namna tofauti, mwenyewe hufa, warithi hawabadilishi hati, na nyumba huuzwa kwa makubaliano yasiyofika kwa msajili.

Katika hali hiyo taarifa bora kuhusu pango la Kinindo zilikuwa katika vitabu vya wapangaji. Shirika la kimataifa huweka mkataba, huandika malipo na hukaguliwa kila mwaka. Hivyo sehemu ya wenye nyumba iliyoonekana na serikali ilikuwa ile iliyopangisha kwa mashirika yenye mahesabu mazuri, ilhali aliyepangisha kwa mtu binafsi kwa fedha taslimu hakuonekana. Mfumo ulimtoza anayeweza kuonekana. Ni upungufu wa haki unaotokana na usanifu wa taarifa, na hauwezi kuondolewa kwa kununua seva kubwa zaidi.

Mgogoro wa kisiasa ulioanza Aprili 2015 uliligusa hata tabaka hilo linaloonekana. Wahisani walisitisha misaada, Umoja wa Ulaya ukasimamisha rasmi msaada wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016 na kuurejesha Februari 2022, na mashirika mengi yakapunguza watumishi wa kigeni. Nyumba za Kinindo zilikosa wapangaji na bei za pango zikashuka. Kwa serikali, iliyolazimika sasa kutegemea mapato ya ndani kuliko wakati wowote tangu 2005, hilo lilimaanisha kwamba sehemu ya mapato ya pango iliyokuwa rahisi kuiona ndiyo iliyopungua kwanza. Msukumo wa miaka iliyofuata wa kuandikisha, kutoa namba na kudai ankara unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kutokea hapo kuliko kutokea katika mipango ya teknolojia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wataalamu wa mifumo hulipa uzito mdogo, nalo ni majina ya mahali. Kinindo ilikuwa tarafa, au komine kama wenyeji wasemavyo, mojawapo kati ya 13 za jiji la Bujumbura. Kabla ya uchaguzi wa 2015 tarafa hizo ziliunganishwa kuwa tatu, Ntahangwa, Mukaza na Muha, na Kinindo ikawa sehemu ya Muha pamoja na Musaga na Kanyosha. Kwa sheria ya 2023, iliyoanza kutekelezwa na uchaguzi wa 2025, mikoa 18 ya nchi imepunguzwa kuwa mitano na tarafa 119 kuwa 42, na jiji limeingizwa katika mkoa mpana wa Bujumbura pamoja na Bubanza, Cibitoke na mkoa wa zamani wa Bujumbura vijijini. Mabadiliko hayo yana sababu zake za kiutawala. Katika masijala, hata hivyo, majalada hupangwa kwa mahali, na katika hifadhidata nyingi msimbo wa tarafa ndio mwanzo wa namba ya kumbukumbu. Karani anayetafuta leo taarifa za nyumba iliyopangishwa mwaka 2010 karibu na ufukwe wa Kinindo huanza na jina la tarafa iliyokoma kuwepo zaidi ya miaka kumi iliyopita, na jedwali la kuoanisha misimbo ya zamani na mipya ni kazi ambayo mpaka sasa hufanywa na kumbukumbu ya karani mzee aliyebaki ofisini.